Polisi wa shule amechukua maelezo ya mwanangu kabla sijapigiwa simu. Mipaka yake ni ipi?

#1 Mama Tuse
Habari zenu wakuu. Niko Kentucky, Marekani, wanangu wanasoma shule ya serikali. Juzi kijana wangu wa miaka 13 aligombana na mwenzake kwenye foleni ya chakula. Kusukumana tu, sinia likaanguka, juisi ikamwagika, hakuna aliyeumia. Tungekuwa nyumbani, mwalimu wa zamu angewagombeza wote wawili, wakadeki bwalo, yakaisha.

Hapa kaitwa ofisini, akamkuta naibu mkuu wa shule amekaa na polisi. Polisi kamili mwenye sare, pingu na bastola, na kituo chake cha kazi ni hiyo hiyo shule, Jumatatu mpaka Ijumaa. Wanamwita SRO. Akamwambia mtoto aeleze ilivyokuwa, kisha aandike na atie saini. Mtoto kaandika, maana amelelewa kumtii mtu mzima. Simu kwangu imekuja watoto wanakaribia kupanda basi la kurudi nyumbani.

Sheria ya jimbo hili ya mwaka 2022 inataka kila shule ya serikali iwe na askari wa namna hiyo, kwa hiyo hata nikimhamisha nitamkuta mwingine. Msimamo wangu ni huu: polisi aingie shuleni akiitwa, kwa jambo la jinai, akimaliza aondoke. Akishakuwa mkazi wa shule, makosa ya kitoto yanapata mpelelezi. Na naona picha za huko nyumbani, Polisi Kata wako paredi na watoto kila kukicha. Kuna anayejua mamlaka yao yanaishia wapi, huku na huko?

#2 Kipanga wa Mbagala
Pole dada. Yule mwenzake naye aliandika maelezo, au ni wako peke yake? Hilo ndilo la kuuliza kwanza.

#3 Mama Tuse
@Kipanga asante. Wote wawili waliandika. Ila mama wa yule mwingine alikuwa keshafika pale ofisini, mwanawe aliandika naye amekaa pembeni yake.

#4 Msomi wa Korti
Dada, huko uliko kuna kesi inayofanana na yako, J.D.B. dhidi ya North Carolina, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2011. Mtoto wa miaka 13, darasa la saba, alitolewa darasani akaingizwa chumba cha mikutano, mlango ukafungwa, ndani wamo polisi na viongozi wa shule. Wakamhoji kwa nusu saa au zaidi kuhusu wizi wa kuvunja nyumba. Bibi aliyekuwa anamlea hakupigiwa simu. Kabla ya kuhojiwa, mtoto hakuambiwa kwamba ana haki ya kukaa kimya, wala kwamba yuko huru kuondoka. Majaji 5 dhidi ya 4 wakasema umri wa mtoto ni lazima uangaliwe pale mahakama inapoamua kama alijiona yuko chini ya ulinzi. Mtu mzima anaweza kuinuka akasema "mimi naondoka". Wa miaka 13 mbele ya afande na mwalimu wake hathubutu.

Lakini usishangilie mapema. Hukumu hiyo haikusema mzazi lazima aitwe, na hakuna sheria ya nchi nzima huko inayolazimisha hivyo. Kila jimbo lina utaratibu wake. Halafu iko kesi ya 1985, New Jersey dhidi ya T.L.O., iliyowaruhusu walimu kumpekua mwanafunzi kwa shaka yenye msingi tu, bila hati ya mahakama. Mimi naona shida inaanzia hapo. Mwalimu anapekua kwa kipimo chake chepesi, polisi amesimama mlangoni, na kitakachopatikana kinaishia kwa polisi.

#5 Afande Mstaafu
Nimelitumikia jeshi la polisi Tanzania mpaka nikastaafu, naomba tusichanganye mambo. Polisi Kata hakai shuleni. Ni mkaguzi au mkaguzi msaidizi aliyepangiwa kata nzima: soko, vijiwe, nyumba za ibada, na shule zikiwemo. Ni mwendelezo wa polisi jamii iliyopewa msukumo IGP Said Mwema alipoingia mwaka 2006. Akienda shule anasimama paredi, anaongea na watoto kuhusu bangi, kuvuka barabara, watu wanaowashikashika, anaacha namba ya simu, anakwenda zake.

Kumwadhibu mwanafunzi hana mamlaka hayo. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 15 inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hana jinai, na wa chini ya 12 hana mpaka ithibitike alijua anachofanya ni kosa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kesi ya mtoto isikilizwe faragha na afisa ustawi wa jamii ahusike. Mipaka ipo na imeandikwa.

#6 Mwalimu Sikonge
Afande, kwamba imeandikwa nakubali. Mimi niko darasani. Shule moja niliyowahi kufundisha simu ya mwalimu ilipotea, mkuu akampigia askari anayefahamiana naye. Askari akaja, darasa zima likapangwa mstari uwanjani, mabegi yakamwagwa chini, wavulana wakageuzwa mifuko, wasichana wakaambiwa wavue viatu na soksi. Simu haikupatikana. Hakuna mzazi aliyeambiwa, na hakuna mwalimu hata mmoja, pamoja nami, aliyefikiri kwamba mzazi anastahili kuambiwa.

Siku nyingine nikaona askari mgeni anakabidhiwa fimbo mbele ya paredi "awakumbushe". Kanuni za viboko za 2002 ziko wazi: visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, iandikwe kwenye kitabu. Afande hayumo kabisa kwenye orodha hiyo, na bado alichapa.

Pamoja na hayo siwataki watoke. Binti wa darasa la saba alikuwa anasumbuliwa na mtu mzima wa mtaani kwao, sisi walimu tunamwona anasinzia tu darasani, tunamwita mvivu. Alipokuja askari wa kike kutoka dawati la jinsia na watoto, alimfuata nyuma ya jengo akamwambia yote. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa 2016 inatoa miaka 30 jela kwa anayempa mimba mwanafunzi, na tunaiimba kila mwaka kwenye vikao. Aliyemfanya mtoto afungue mdomo kabla ya kufika huko ni yule dada mwenye sare. Nikikumbuka tulivyokuwa tunamsimamisha nyuma ya darasa kwa kusinzia, roho inaniuma.

#7 Mtoto wa South B
Hapa Kenya mipaka imevukwa bila polisi kuwa mkazi wa shule. Tarehe 19 Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walitoka kudai uwanja wao wa michezo uliokuwa umenyakuliwa na kuzungushiwa ukuta. Wakausukuma ukuta ukaanguka. Polisi wakawarushia vitoa machozi. Watoto wa sare, wengine hawajafika hata darasa la nne. Mbwa pia walikuwepo. Afisa aliyeongoza alisimamishwa kazi na uwanja ukarudi kwa shule.

Mama Tuse, unataka aje na kuondoka. Siku ile walikuja na wakaondoka. Kwangu swali si anakaa wapi, ni nani anayemtuma.

#8 Jicho la Tatu
Tuelewe chanzo. Marekani waliweka polisi shuleni baada ya mauaji ya shule ya Columbine, 1999. Wanalinda watoto dhidi ya watu wenye bunduki. Huwezi kulinganisha na Sikonge.

#9 Mzee wa Makavazi
@Jicho hapana. Mpango wa kuweka polisi ndani ya shule unarudi nyuma hadi Flint, Michigan, miaka ya 1950, na lengo wakati ule lilikuwa kuwazoesha vijana na polisi. Mambo ya bunduki yalikuja baadaye. Na Columbine yenyewe ilikuwa na askari wake siku ile ile. Alirushiana risasi na mmoja wa wauaji, na bado watu 13 wakauawa. Kilichofuata baada ya 1999 ni fedha nyingi za serikali kuu kuajiri wengine.

#10 Papa Bahati
Jambo bandugu. Natoka Bukavu, niko Louisville, jimbo moja na Mama Tuse, mutanivumilia Kiswahili changu. Mimi askari wa shule ya batoto yangu namupenda. Tulipofika hapa mutoto wangu wa kwanza akiona sare anaingia chini ya meza, kwa sababu ya yale tuliyoyaona kule. Huyu askari alikuwa anamungoja asubuhi pa mulango, anamusalimia kwa jina, akajifunza hata kusema "jambo". Leo mutoto anapita mbele yake anacheka. Hakuna mwalimu aliyefanya kazi hiyo.

Lakini kuna jambo la Kenton County, kaskazini ya jimbo letu, kila muzazi alijue. Mwaka 2014 askari wa shule alifunga pingu batoto wawili, mumoja miaka 8, mwingine 9, wote wana shida ya kutulia. Mikono ilikuwa midogo sana kwa pingu. Akazifunga juu ya viwiko, mikono nyuma ya mugongo. Video iko, mutoto analia kwamba anaumia. Mwaka 2017 jaji wa shirikisho akaamua ile ni nguvu kupita kiasi na inavunja katiba. Ni sare moja, jimbo moja. Mimi nimepata huyu mwema, mwingine akapata yule.

#11 Kipanga wa Mbagala
Pingu kwa mtoto wa miaka 8! Afande Mstaafu njoo hapa usikimbie.

#12 Afande Mstaafu
Sikimbii, Kipanga, nilikuwa shamba. Hilo silitetei na mtu wa hivyo hafai kuvaa sare. Ila nitasema jambo msilolipenda. Kosa la kwanza ni la aliyemwita. Polisi amefundishwa kukamata. Ukimkabidhi mtoto aliyekataa kukaa kitini, atafanya alichofundishwa. Zamani mwalimu hakuwa anamwita polisi kwa mtoto mtundu, alikuwa anammudu. Walimu wa leo wameikimbia kazi ya malezi, wanaitupia kwa wengine.

#13 Mwalimu Sikonge
Afande, kwa heshima zote, shikamoo kwanza. Nina watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja. Mwalimu wa ushauri nasaha ni mimi, wa michezo ni mimi, wa afya ni mimi. Huyo mtoto mtundu akipanda dirishani namwacha nani na hao wengine? Sijakimbia malezi. Kata ina afisa ustawi mmoja, akiwepo, na ofisi yake iko mjini. Polisi Kata anapatikana kwa simu na ana pikipiki. Ndiyo maana anaitwa kwa kila kitu: utoro, mimba, wizi wa madaftari, ugomvi wa wazazi getini. Hata mgambo wa mtendaji anaitwa. Angekuwepo ustawi kila shule, nusu ya simu hizo zisingepigwa.

#14 Jicho la Tatu
Sawa, lakini kwa Marekani hoja ya bunduki inabaki. Bora awepo. Na asipofanya kazi anawajibishwa, yule askari wa shule ya Parkland, Florida, mwaka 2018 aliyebaki nje watoto wanauawa alifungwa jela.

#15 Msomi wa Korti
Hakufungwa. Alishtakiwa 2019, na Juni 2023 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia kwa mashtaka yote. Watu 17 walikufa siku ile na sheria ikashindwa kusema alikuwa na wajibu gani hasa.

Halafu Uvalde, Texas, tarehe 24 Mei 2022, waliuawa shuleni kwa risasi watoto 19 na walimu 2. Wilaya ile ya shule ilikuwa na idara yake ya polisi kamili. Walifika maofisa 376 wa vikosi mbalimbali, na dakika 77 zikapita kabla ya mlango kuingiliwa. Wazazi wako nje wanazuiwa. Mimi hii ndiyo inayonitoa machozi kila nikiisoma. Ulinzi ni hoja kubwa kabisa ya kuwaweka humo, na ndipo walipokwama. Kwenye mambo madogo ya foleni ya chakula wako hodari.

#16 Mzaramo wa Denver
Mimi naishi Denver na nimeshuhudia upande wa pili. Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa, bodi ya shule ilipiga kura kuwaondoa polisi shuleni, na Minneapolis nao walivunja mkataba mwezi huo huo. Tulifurahi. Machi 2023, shule ya East, mwanafunzi aliyekuwa kwenye mpango wa kupekuliwa kila asubuhi akawapiga risasi watumishi wawili wa shule waliokuwa wanampekua. Mwaka huo huo bodi ikawarudisha polisi.

Msomi, wewe unasema mwalimu anapekua na polisi anangoja mlangoni. Pale polisi hakuwepo, na kazi ya kumpekua kijana mwenye bastola ikamwangukia mtumishi wa shule ambaye hajafunzwa kitu. Kwenye kikao cha wazazi sisi Waafrika tuligawanyika vibaya. Mama mmoja wa Kikongo na Msomali mmoja nusura wavunje urafiki.

#17 Binti Hackney
Nasoma kimya kimya muda wote, naingia kwa sababu ya hoja ya Mama Tuse ya "akiitwa". Naishi London, mtaa huu huu ilipotokea kesi ya msichana anayeitwa Child Q. Desemba 2020, miaka 15, Mweusi, yuko shuleni kwenye mtihani. Walimu wakahisi ananuka bangi. Walimpekua begi na koti, hawakuona kitu, WAKAWAITA polisi. Polisi wa kike wakamvua nguo zote kwenye chumba cha huduma ya kwanza, yuko kwenye siku zake, walimu wako nje ya mlango. Mama hakuambiwa. Hakukuwa na mtu mzima wa kumsimamia. Hawakukuta chochote, akarudishwa kwenye mtihani.

Habari ilitoka Machi 2022, watu wakaandamana hapa. Juni 2025 maofisa wawili walifukuzwa kazi. Wale hawakuwa wakazi wa shule, dada. Waliitwa, kama unavyotaka wewe.

#18 Kipanga wa Mbagala
Nimesoma hiyo mara mbili. Walimu walikuwa nje ya mlango?

#19 Binti Hackney
Ndiyo. Kwangu kosa la walimu ni kubwa kuliko la polisi. Mtoto alikabidhiwa kwao asubuhi na mzazi wake.

#20 Mama Tuse
Nimewasoma wote, ahsanteni, hasa Binti Hackney, usiku sikulala vizuri. Kuitwa peke yake hakutoshi, naona. Anayemwita lazima abaki humo ndani na mzazi awe njiani.

Leo nimekwenda shuleni. Nikaomba makubaliano ya maandishi kati ya wilaya ya shule na polisi, wakanipa bila ugomvi. Imeandikwa wazi kwamba askari hashughulikii nidhamu ya kawaida, hiyo ni kazi ya uongozi wa shule. Nikamuuliza naibu, sasa kwa nini aliandikisha maelezo? Akasema kusukuma mtu kunaweza kuwa shambulio, na shambulio ni jinai. Kwa mlango huo, kila kitu ni jinai. Watoto wakichezeana rafu uwanjani ni jinai. Anayeamua kipi ni utundu na kipi ni shambulio ni wao wawili, siku hiyo, kwa mtoto huyo.

Na tusijifanye hatuoni. Takwimu za serikali yao wenyewe za mwaka wa masomo 2015-16 zilionyesha wanafunzi Weusi ni asilimia 15 ya wote, lakini ni asilimia 31 ya waliopelekwa polisi au kukamatwa. Mama wa yule mwingine ni Mzungu. Simu yake ililia mapema. Sijasema zaidi ya hapo.

#21 Jicho la Tatu
Dada huenda ni rangi, huenda mama yule anafanya kazi karibu na namba yake iko juu ya orodha. Na shule zenye watoto wa maskini ndizo zinazojaziwa polisi na mashine za ukaguzi, kwa hiyo wanakamatwa wengi. Siyo lazima kila afisa awe mbaguzi.

#22 Mzaramo wa Denver
Jicho, ulichokieleza ndicho hicho hicho alichosema dada, umekizungusha tu.

#23 Mtoto wa South B
Na rekodi inabaki. Huku watoto wakichoma bweni, DCI, polisi wa upelelezi, wameshaonya zaidi ya mara moja kwamba kosa la mwanafunzi litaonekana akienda kuomba cheti cha mwenendo mwema akitafuta kazi. Kuchoma bweni si mchezo, watu wamezika watoto, shule ya Kyanguli 2001 walikufa wavulana 67. Lakini wanaobebwa kwenye lori la polisi ni bweni zima, hata aliyekuwa amelala. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, hilo angalau.

Polisi ambaye sina neno naye shuleni ni wa KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, analinda kontena la mitihani na kusimama getini. Watanzania nyinyi mnalinda karatasi na nini?

#24 Kipanga wa Mbagala
Na sisi wa mitihani ya NECTA, baraza la mitihani, wanakuja na silaha kabisa, jirani usituchukulie poa. Mdogo wangu alisema alisahau kanuni ya duara alipoona mtutu dirishani.

#25 Mtoto wa South B
Hiyo kanuni hakuwa anaijua, msisingizie askari 😄

#26 Msomi wa Korti
Mama Tuse, kabla uzi haujaenda kwenye duara. Uliza karatasi aliyosaini mwanao iko kwenye faili la nani. Ikiwa ni kumbukumbu ya shule, sheria yao ya 1974 ya kumbukumbu za elimu, FERPA, inakupa haki ya kuiona na kuomba irekebishwe. Ikiwa imeandikwa na kutunzwa na kitengo cha polisi kwa kazi za kipolisi, haiingii kwenye sheria hiyo. Omba jibu kwa maandishi. Na mfundishe kijana sentensi moja: "Naomba mzazi wangu awepo kwanza." Aiseme kwa adabu, kisha anyamaze.

#27 Papa Bahati
Msomi, umesema kweli, lakini mutoto wangu akisema hivyo kwa yule askari anayemusalimia kila asubuhi, ataona amemutukana rafiki yake. Nitamufundisha vile vile.

#28 Mwalimu Sikonge
Hilo la faili limenigusa. Afande Mstaafu, Polisi Kata akija shuleni akaongea na mtoto, inaandikwa wapi?

#29 Afande Mstaafu
Marahaba mwalimu, ulinisalimia sikuitikia. Anasaini kitabu cha wageni cha shule, na taarifa yake ya kazi za kata anaipeleka kituoni kwake. Ikiwa ni kosa, linafunguliwa jalada kituoni, maelezo ya mtoto yanachukuliwa huko mzazi au ustawi akiwepo.

#30 Mwalimu Sikonge
Nimekifungua kitabu cha wageni sasa hivi. Kwenye safu ya sababu ya kufika, maafande wote wameandika neno moja, "kikazi". Hakuna jina la mtoto, hakuna jina la mwalimu aliyekuwepo. Kesho nachora safu mbili zaidi kwa rula. Mkuu wangu akikataa nitarudi hapa kuwaambia.